Vidonge vya Mgongo wa Mume Wangu

Leo nimeaibika, tena mchana kweupe, mbele ya foleni nzima ya watu wazima. Naandika mapema kabla hamjasikia kwa mtu mwingine, maana kwenye ile foleni alikuwepo dada mmoja anayesuka nywele mtaa wa nyuma yetu hapa Kiwalani. Yeye kaniona vizuri kuliko mie nilivyomwona. Kwa nini sikumwona vizuri, mtajua.

Mnanijua nilivyo na wivu. Sifichi. Mie ndiye niliyewahi kumnunia mume siku mbili kwa sababu nimeota ameoa. (Kwenye ndoto hata mwaliko sikupewa.)

Sasa Shabani, mume wangu, ambaye ni fundi wa madirisha ya alumini, ana kama miezi miwili amebadilika. Zamani tulikuwa tunakaa barazani tukipiga soga mpaka usingizi unatukuta pale pale. Siku hizi akishakula tu, macho yanamdondoka. Ndege zinapita juu ya bati letu mpaka vikombe vinatetemeka kabatini, yeye anakoroma. Nikimgusa, ananigeuzia mgongo. Yale mengine ya mume na mke sitayaandika hapa kwa sababu mama mkwe naye huwa anasoma kwenye simu ya wifi yangu, lakini nyie ni watu wazima, elewani.

Kisha akaanza kutafuna bigijii za mnanaa. Mwanaume wa miaka arobaini na nne, mdomo unacheza kutwa. Nikajiuliza anamnukishia nani huo mnanaa. Akaota kitambi, na chakula ninachompakulia ni kile kile, kwa hiyo kuna sufuria nyingine mahali inamlisha. Chooni anaingia na simu na hatoki. Ukimshika mkono, umelowa jasho. Na papai. Shabani niliyeolewa naye alikuwaga hali papai hata umbembeleze, ghafla kila jioni anarudi na papai kwapani. Nikamuuliza nani kamfundisha papai. Akasema ni tunda zuri tu.

Ila kilichonimaliza ni piritoni. Mwezi jana alipata mafua, nikampa piritoni kama ninavyompaga miaka yote. Akaishika, akaitazama, akanirudishia. Akasema ameambiwa asinywe. Nikauliza ameambiwa na nani. Akageukia ukutani, na baada ya dakika mbili huyo analala. Nyie, mwanamke gani huyo mwenye ujasiri wa kumkataza mume wa mtu piritoni?

Na kulikuwa na vidonge. Nilivikuta wakati nafua, ndani ya bahasha ndogo ya karatasi kwenye suruali yake ya kazi. Imeandikwa jina refu ambalo ulimi wangu haukuliweza, na chini yake kimoja usiku. Alisema ni vya mgongo, sababu ya kubeba vioo. Nikanyamaza, lakini si kule kunyamaza kwa kuamini.

Basi leo asubuhi nimeamka na mafua. Nikanywa piritoni yangu moja. Shabani yuko bafuni, simu yake iko juu ya cherehani yangu, ikawaka. Sikuifungua. Ujumbe wenyewe ulijitokeza juu ya kioo, na mie macho ninayo. Umetoka kwa mtu aliyeandikwa "Fundi Salumu Vioo", na unasema hivi: "Habari za asubuhi, Shabani. Leo saa nne na nusu, usikose. Suala la mke wako tutaliongea tukionana."

Nikausoma mara tatu. Kwanza, mafundi wenzake wote wanamwita Shebi. Pili, fundi gani wa vioo anaandika kwa kuweka nukta na mkato? Tatu, suala la mke wako ndiyo mie.

Nilikaa juu ya stuli. Hapo ndipo likanijia wazo ambalo mpaka sasa natafuta wa kumlaumu. Mgongo wangu ulikuwa unauma kweli, wiki nzima nashona sare za shule. Nikajiambia: kama vile vidonge ni vya mgongo, mgongo utapoa, nitajua mume wangu si mwongo. Kama si vya mgongo, mwili utaniambia ni vya nini. Nikaichukua bahasha. Imeandikwa kimoja usiku. Nikanywa viwili asubuhi, kwa sababu nilitaka jibu la uhakika.

Shabani akatoka bafuni, akavaa lile shati la drafti la bluu nililomshonea mwenyewe kwa mikono yangu, akaaga kwamba anakwenda Kinyerezi kupima madirisha ya nyumba ya mteja. Nikamwitikia vizuri kabisa, nikamtakia kazi njema. Alipotoka nikatazama ukutani. Futi yake ya kupimia ilikuwa inaning'inia kwenye msumari.

Nilijaribu kujituliza nishone kidogo, maana nisije nikamfuata karibu mno. Nikashika sindano nitie uzi. Tundu halionekani. Nikasogea dirishani, bado. Sindano zikawa mbili, zote hazina tundu. Nikasema hasira hizi zimeshapanda machoni. Nikajitanda mtandio juu ya dera, nikatoka.

Barabarani nikamkuta mzee mmoja wa bajaji, nikamwamkia shikamoo, nikamwonyesha Shabani aliyekuwa anapanda bodaboda mbele kule. Nikamwambia amfuate taratibu. Mzee hakuuliza kitu, nadhani si mara yake ya kwanza. Nilipanga njiani nitunge maneno ya kusema, na nilianza vizuri, nina sentensi kama nne kali sana. Ya tano sikuimaliza. Kilichofuata nikasikia yule mzee ananiita polepole, "Mwanangu, amka, mtu wako ameingia humo kitambo." Nimelala, jamani. Nakwenda kufumania, nimelala na mdomo wazi, na mdomo wenyewe mkavu kama kitambaa cha kufutia ubao.

Mbele yangu palikuwa na geti jeupe na maua. Juu ya geti kuna kibao cha buluu chenye maandishi. Nikakikodolea macho, herufi zinaogelea. Sikusoma hata moja. Nikakata shauri kwamba hii ni gesti. Nikaingia, nikakuta watu wengi wamekaa kwenye mabenchi kwenye varanda ndefu, wametulia, wengine na wake zao, mmoja na mtoto mgongoni. Nikajiuliza gesti gani hii ina foleni. Wivu ukanijibu haraka: inayopendwa.

Mwisho wa benchi la pili nikaliona shati la drafti la bluu. Pembeni yake kakaa mwanamke, wameegemeana. Nilitembea pale nikihisi sakafu inakwenda upande wake na mie wangu. Nikamshika yule mwanaume kola, nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka getini kwamba Shabani leo nimekukamata, wewe na huyu nyani wako.

Yule mwanaume akanitazama. Ana ndevu nyeupe. Shabani hana ndevu.

"Mie naitwa Mzee Pazi, mama," akasema kwa upole, kola bado iko mkononi mwangu. "Na huyu ni mke wangu."

Mke wa Mzee Pazi, bibi wa watu mwenye miaka yake sabini, hakuniuliza kitu mie. Alimgeukia mumewe, akamuuliza mimi ni nani na amenijulia wapi. Mzee akaapa. Bibi akasema mbona amenishika vizuri kama amenizoea. (Mie ndiye niliyemshika yeye. Lakini wivu tunaujua wenyewe, mama wa watu sikumlaumu.) Nikawaamkia shikamoo, kwa kuchelewa, huku nalainisha ile kola kwa kiganja.

Benchi zima lilikuwa limegeuka. Ndipo mlango wa chumba cha mwisho ukafunguka, akatoka Shabani wangu, wa kweli sasa. Nyuma yake mwanamke. Mrefu, gauni la kijani limemkaa kama amezaliwa nalo, na mkono wake uko kwenye bega la mume wangu. Nilimsikia akimwambia kwamba amejitahidi sana na asikate tamaa.

Nilikuwa na sentensi nne, mnakumbuka. Nikafungua mdomo. Ulimi umeganda kwenye kaakaa, hautoki. Nikasukuma, ikatoka sauti kama ya mlango wa bati. Nikajaribu tena. Nilikuwa nataka kusema, "Kumbe ndiye huyu unayekula kwake." Ikatoka, "Kumbe ndi... kuku." Mtu nyuma akauliza kuku gani.

Shabani kabadilika rangi, ananiita jina langu, Mwajuma, Mwajuma, umefikaje huku. Yule mwanamke akaniangalia usoni, akanisogelea, akanipa chupa yake ya maji. Na mie nikaipokea. Nyie, nimeyanywa maji ya mgoni wangu mpaka tone la mwisho, na nikamshukuru. Kisha akanisaidia kukaa kwenye benchi, akakaa pembeni yangu, akawa ananipima mapigo mkononi. Nikasema sasa ndiyo wakati, nikasimama ghafla nimwonyeshe mimi ni nani. Varanda ikazunguka. Nikarudi chini nilikotoka, kichwa kikatua kwenye lile bega la kijani, na kitu cha mwisho ninachokikumbuka ni kwamba lilikuwa bega laini na linanukia vizuri, na jambo hilo liliniuma sana.

Nikalala. Dada msusi anasema nilikoroma. Namwamini.

Nilipoamka niko kitandani kwenye chumba kidogo, mkononi nimefungwa kile kitambaa cha kupimia presha. Shabani kakaa karibu na miguu yangu. Yule mwanamke kavaa koti jeupe juu ya gauni lake, na kwenye koti kuna kitambulisho ambacho nilikisoma kwa kukivuta mpaka puani. Muuguzi, afya ya akili. Jina lake Upendo. (Majina yote yaliyopo duniani, akapewa hilo.)

Akaniuliza nimekunywa nini leo. Nikasema sijanywa kitu. Akasema mboni zangu zimetanuka, mdomo umekauka, moyo unakimbia, na kama sitasema itabidi aanze kutafuta mwenyewe. Akanipa kikopo nilete mkojo. Nikaenda chooni na kibofu kimejaa pomoni, nikakaa. Hakuna. Nikasubiri. Sista Upendo akaja kunifungulia bomba la maji kwa nje ili linishawishi. Bomba likatiririka peke yake. Nikakaa mle muda mrefu mpaka nikasikia Mzee Pazi anauliza kama yule mama mzima, na mke wake anamuuliza inamhusu nini.

Nikarudi na kikopo kikavu. Nikasema ukweli.

"Piritoni moja ya mafua, na vile vidonge vyake viwili."

"Kwa nini viwili?"

"Nilitaka kujua kama kweli ni vya mgongo."

Sista Upendo hakunitazama mie, alimtazama Shabani. "Leo nimekuuliza suala la mke wako, ukasema umeshamwambia," akasema.

Shabani kainamisha kichwa. Mie hapo bado nilikuwa na wivu, sitawadanganya. Nilikuwa nangoja aungame. Na akaungama, ila si nililolingoja.

Mnamkumbuka Mudi, yule aliyekuwa anafanya kazi na Shabani, aliyeanguka ghorofani wakati wanafunga vioo. Sote tulikwenda msibani. Nilichokuwa sikijui ni kwamba siku ile aliyekuwa ameshikilia ngazi chini ni Shabani. Aliiachia kwa muda wa kupokea simu. Na simu yenyewe, akasema huku anatazama sakafu, ilikuwa yangu. Nilimpigia kumuuliza yuko na nani.

Tangu siku ile usingizi ulimkimbia. Akifumba macho anasikia ngazi inateleza. Anasema miezi ile ya mwanzo alikuwa analala kwa kujifanya, ananisikiliza mie nikipumua mpaka alfajiri, na kuna siku alisimama juu ya jengo akaona hana sababu ya kushuka kwa ngazi. Hiyo siku ndiyo aliyokuja hapa. Wakampa dawa, zinaitwa amitriptilini, za kuinua moyo na kurudisha usingizi. Akaniambia ni za mgongo kwa sababu aliogopa mtaa ukisikia kliniki ya akili, hakuna atakayempa kazi ya kupanda juu tena. Namba ya Sista akaiandika Fundi Salumu kwa sababu anajua mke wake anasoma simu.

Nililia. Machozi hayakutoka hata moja, dawa ilikuwa imenikausha mpaka macho, nikalia kavu hivyo hivyo kama mtu mwenye kwikwi.

Lakini mie ni mie. Katikati ya kilio nikamuuliza mbona yeye alimwambia na mie hakuniambia. Maana hilo ndilo lililoniuma kuliko gauni na kuliko bega. Kuna mwanamke anajua mume wangu analilia nini, na si mimi.

"Yeye akisikia anaandika," Shabani akasema. "Wewe ungesikia kwamba simu ilikuwa yako."

Sista Upendo akaweka kalamu chini. Kisha akasema simu haikumwangusha Mudi, wala Shabani hakumwangusha, kwamba hata mkanda wa usalama hakupewa, na kwamba hilo wamekuwa wakilizungumza wiki nane na leo amefurahi kwamba tunalisikia wote wawili. Nikashika mkono wa Shabani. Ulikuwa umelowa jasho, na mie kumbe jasho hilo nalo nilikuwa nimeliweka kwenye orodha ya makosa.

Sista akanieleza yote taratibu, kama anamweleza mtoto, na kila neno lake likawa linaniondolea kesi yangu mkononi. Dawa hizi zinakausha mdomo, ndiyo maana alimshauri bigijii. Zinafunga choo, ndiyo papai na ndiyo kukaa chooni. Zinaleta usingizi, njaa na kitambi. Piritoni ni ndugu yao kwa mambo hayo, ukizichanganya usingizi na ukavu vinajumlishana, ndiyo hivyo nilivyoona sindano mbili na kushindwa hata mkojo. Akasema mchanganyiko na dawa nyingine, zikiwemo baadhi za maumivu kama tramado, unaweza kuwa mbaya zaidi, na pombe ndiyo kabisa, na dozi ikizidi moyo unaweza kwenda kombo. Bahati yangu vilikuwa viwili. Akasema dawa ya mtu ni ya mtu, na mtu mwenyewe asiziache ghafla hata akijisikia nafuu.

Nikauliza kwa sauti ya chini kuhusu lile jingine. La kule chumbani. Je, nalo ni dawa?

Akafunua faili, akapitisha kidole, akasema ndiyo, Shabani alishalieleza wiki ya tatu na tayari wameanza kuangalia kama dozi ibadilishwe. Wiki ya tatu. Limeandikwa. Kuna faili la serikali lenye habari za kitanda changu, limekaa kwenye kabati pamoja na mafaili mengine, na mie nimelala miezi miwili nikidhani siri yangu anaijua Mungu peke yake.

Wakanikalisha mpaka saa tisa wakinipima moyo kila baada ya muda. Kibofu kilikubali saa nane na robo. Shabani alikuwa nje ya mlango wa choo, nikamsikia anashusha pumzi, halafu anacheka. Alicheka kweli, mpaka akaegemea ukuta. Nimekaa nikahesabu, sikumbuki mara ya mwisho nimesikia kicheko chake. Nikakaa mle ndani kidogo zaidi nimsikilize.

Wakati wa kutoka nilipita kwa Mzee Pazi na mkewe kuwaomba radhi. Mzee kapokea. Bibi kasema yamekwisha, ila kaniomba nikae upande wake wa benchi, si wa mzee.

Tumerudi nyumbani wote wawili kwenye bajaji moja. Tulipofika Buguruni akaniambia usiku anaogopa, na nikamwambia akiogopa aniamshe, hata kama nimenuna. Akasema sawa. Vidonge sasa nimepewa mie nivitunze, kwa amri ya Sista, na ameniandikia kwa herufi kubwa kwenye bahasha: VYA SHABANI TU.

Jumanne tumeitwa wote. Nitakwenda, na nimeshakitoa kile kitambaa cha zambarau nilichokiweka kwa ajili ya harusi ya mtu, nijishonee gauni. Sista Upendo ni mtu mwema na amemrudisha mume wangu, Mungu ambariki, lakini sitaingia pale mara ya pili na dera.

Msinicheke sana. Na kama kuna mwenzangu ana mpango wa kwenda kufumania wiki hii, dada, kunywa chai tu.